Bendera Nyekundu ya Lonza

Kijijini kwetu hapa Malta tuna kanisa moja, mtakatifu mmoja, na vyama viwili vya bendi visivyoiva chungu kimoja: Wekundu na Buluu. Lonza Grech alizaliwa kwa Wekundu. Akampenda mpiga tarumbeta wa Buluu, akaolewa naye. Siku ya harusi mdogo wake Salvu akasema, "Bendera hufuata upepo," na tangu hapo hakukanyaga kwa dada yake. Nyumba zao zinatazamana. Hata shemeji yake alipokufa, Salvu alisimama mlangoni kwake na kofia mkononi, hakuvuka barabara. Ule ulikuwa upumbavu mtupu. Nilimwambia hivyo, naye akaniambia nikaangalie sufuria zangu.

Lonza alikuwa mdarizi wa bendera za sikukuu. Mwaka huo Buluu walimwagiza bendera kubwa ya wale watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana waliotawala kisiwa chetu zamani, itundikwe mbele ya klabu yao. Hakuna aliyetaja rangi. Lonza akaishona kama inavyojulikana: msalaba mweupe wenye ncha nane juu ya kitambaa chekundu.

Wistin, mwenyekiti wa Buluu, alipofunuliwa bendera hiyo nusura aanguke.

"Nyekundu? Lonza, umetuuza!"

"Wapiganaji walipeperusha nyekundu kabla babu wa babu yako hajajua kupiga zumari. Mimi nifanyeje?"

"Shona upya. Ya buluu."

"Msalaba huu kwenye buluu? Watucheke mpaka kisiwa cha pili? Sishoni."

"Basi kaa nayo, ujifunike!"

Akabaki nayo. Wanawake wa Buluu wakaacha kumsalimu kanisani, na hilo lilimuuma, ingawa alijitia hamnazo. Kwa Wekundu alikuwa msaliti wa zamani, kwa Buluu akawa msaliti mpya.

Siku chache kabla ya sikukuu nilikuwa jikoni kwake, tunamenya maharage mabichi, tukamwona Salvu dirishani akivuka barabara. Lonza alivua aproni, akajipangusa mikono, akaweka kahawa motoni kabla hata mlango haujagongwa. Siku ile aliingoja ndoa yake yote na ujane wake wote.

"Dada."

"Salvu! Pita. Mbona unasimama kama mgeni?"

Hakupita.

"Nasikia wale wajinga wameikataa."

"Wameikataa. Ingia kwanza, kahawa inachemka. Mguu wako unaendeleaje?"

"Mguu haujambo. Klabu imenituma. Tutaitundika uwanjani, juu kabisa, kila mtu aione."

"Klabu imekutuma."

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe, Salvu? Umefuata nini hapa?"

Salvu hajui kupindisha maneno.

"Bendera," akasema.

Lonza akashika kitasa cha mlango. Akamwambia bendera haitoki, akafunga mlango polepole. Nje wenzake walikuwa wakimngoja, na tulimsikia mmoja akimcheka, "Dada mtu kakutoa mkuku, eh?"

Kahawa ilikuwa tayari. Lonza akamimina vikombe viwili, akanisogezea kimoja, akaketi.

"Nilikuwa nimeshaikunja," akasema. "Angesema tu amekuja kunijulia hali, hata kwa uongo, angeondoka nayo."