Jumatatu za Wilhelmina

Mvua ilinyesha Mabatini, Mwanza, usiku kucha. Asubuhi ya Jumatano Wilhelmina alipofungua mlango na kuona maji mekundu yakiteremka kwenye ngazi za mawe, alijua mambo yameharibika. Si kazi ya cherehani, hiyo ilikuwa inamsubiri kama kawaida. Kilichoharibika ni ratiba. Ngazi zile ndizo alizotakiwa kuzipanda mpaka juu kwenye mawe makubwa, ashuke, halafu ameze kidonge chake cha presha. Sasa nani apande pale na utelezi ule, avunjike nyonga? Akasonya msonyo mrefu, akafunga mlango. Na kidonge hakumeza.

"Basi tena," alisema peke yake. "Nitaanza Jumatatu."

Jamani! Hapo ndipo unapotaka kumshika mwanamke huyu mabega umtikise. Mvua na kidonge vina undugu gani? Lakini ukimuuliza atakujibu kwa uso mkavu kabisa kwamba ratiba ni ratiba, na ikishavunjika imevunjika.

Tabia hiyo ametoka nayo Nansio, kisiwani alikozaliwa. Mama yake alikuwa mtu wa novena, zile sala za siku tisa mfululizo, akimaliza moja anaanza nyingine, na wanawake wa jumuiya yao walikuwa wameshika sheria moja: ukiruka siku, novena yako imeharibika, rudi mwanzo. Padri hakuwahi kuwaambia hivyo. Walijitungia wenyewe, wakaishika kuliko amri za Mungu. Wilhelmina akakua hivyo hivyo. Kwaresima akijisahau akaonja kipande cha nyama, siku nzima analia kwamba mfungo umekwisha. Akikosea kuhesabu rozari, anarudi kwenye msalaba.

Mama huyo alikufa kwa kiharusi. Mdomo ulikwenda upande, mkono ukalala, na walipomfikisha kwenye feri alikuwa hamjui tena mtu. Kwa hiyo siku daktari wa kliniki alipomfunga Wilhelmina kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akapima tena, Wilhelmina aliogopa. Daktari alisema mambo machache tu. Meza kidonge kila siku, punguza chumvi, jitahidi kutembeatembea.

Ingeishia hapo ingekuwa heri. Lakini habari zikamfikia Precious, bintiye anayefanya kazi hotelini Arusha, na Precious ana simu, na simu ina video za watu wenye mashavu laini wanaofundisha wenzao kuishi. Wiki haikuisha ratiba ikatumwa. Kuamka alfajiri na kumshukuru Mungu kwa sauti. Maji ya vuguvugu na limao. Kunyoosha viungo juu ya mkeka. Kupanda mlima. Kidonge. Uji wa ulezi usio na sukari. Baada ya hapo dakika chache za kukaa kimya bila kuwaza lolote, na picha itumwe, mama akiwa anatabasamu.

"Mama, lazima ujifunze kujipenda," Precious alimwambia.

"Kama huku ndiko kujipenda," Wilhelmina alijibu, "afadhali nichukiwe."

Lakini aliifuata, kwa sababu aliogopa. Wiki ya kwanza alipanda mlima kama askari, picha anatuma, meno nje. Halafu ukaja msiba Nansio, akalala huko, ratiba ikavunjika. Akasubiri Jumatatu. Jumatatu ikaja na sare za wanakwaya waliozitaka jana yake, akaamka amechelewa. Akasubiri nyingine. Mara limao limekwisha, mara mguu umevimba, mara mgeni kalala mkekani. Na kila ratiba ilipovunjika aliiacha yote, na kidonge nacho, maana kilikuwa katikati ya foleni na waliokitangulia hawakuwapo. Akawa anaishi vizuri siku mbili tatu, kisha anajichukia wiki nzima.

Jumatano hiyo alikwenda kibandani kwake na kichwa kizito. Simu ikalia kabla hajafunua cherehani.

"Mama, shikamoo. Picha ya leo iko wapi?"

"Marahaba. Iko kwenye tope."

"Mama jamani..."

"Precious, mvua imenyesha! Nitaanza Jumatatu!" Akakata simu, akaitupa kwenye vitambaa. Mtoto umemzaa mwenyewe, leo amekuwa mkaguzi wako.

Jua lilipopanda akaja Mama Chirag, bibi wa Kihindi mwenye duka la vyombo kule mjini, mteja wake wa siku nyingi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi, na Wilhelmina alikuwa amemshonea blauzi ya kuvalia sari. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa presha, na kila walipokutana walilinganisha vidonge kama watoto wanaolinganisha peremende.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Lete nijaribu."

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka amenuna. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki. Akiunyanyua tu, blauzi yote inapanda.

"Angalia! Siku ya harusi lazima nimwekee mtoto mkono kichwani nimbariki. Nitambariki magotini? Fumua yote, anza upya!"

Hapo Wilhelmina, ambaye kichwa kilikuwa kinamgonga na subira ilikuwa imekwisha tangu alfajiri, alilipuka.

"Nifumue yote? Mama Chirag, hebu acha! Mgongo umekaa. Kifua kimekaa. Shingo imekaa, hata malaika hawezi kuikalisha zaidi ya hapo. Kilichokosea ni mkono mmoja, hapa kwapani. Nafumua hapa, narudishia hapa, unavaa unakwenda. Ningekuwa nafumua nguo nzima kila nikikosea kidogo, mji huu ungetembea uchi!"

Mama Chirag akacheka, akaivua. Wilhelmina akachukua wembe, akainama kufumua. Maua ya kitambaa yakaanza kuzunguka. Akaweka wembe chini, akashika meza kwa mikono miwili.

"Wewe," Mama Chirag alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Umekunywa dawa leo?"

"Bado."

"Jana?"

"Jana nilimeza."

"Leo kwa nini bado?"

"Sikupanda mlima. Mvua. Nitaanza tena Jumatatu."

Mama Chirag alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba sufuria hupikwa na wali. "Dawa unaiweka huko mlimani?"

"Mama, hujui. Ni kama novena. Ukivunja..."

"Mimi novena siijui!" Mama Chirag alipiga meza, mikasi ikaruka. "Mimi naijua hii blauzi. Mkono mmoja tu umekosea, nikasema fumua yote, umenigombeza mimi, mtu mzima, kama mtoto wa shule. Sasa wewe mvua ya siku moja tu, unafumua wiki nzima?"

Wilhelmina alikasirika kwelikweli. Hakuna kinachoudhi kama kupigwa kwa maneno yako mwenyewe, tena hayajapoa. Akavuta droo ya cherehani kwa hasira, na pale chini ya zipu na vifungo ilikuwapo pakiti ya vidonge, nzito, karibu imejaa, wakati ilitakiwa iwe imekwisha zamani.

Ndipo ikamjia ile habari ambayo kwenye jumuiya huwa haisimulii. Kule Nansio nesi alikuwa amemwambia mama yake apande feri aje Mwanza kutibiwa. Mama akasema sawa, nimalize kwanza novena. Wageni wakaja, akaruka siku, akarudi mwanzo. Jirani akafiwa, akaruka, akarudi mwanzo. Miaka yote Wilhelmina alikuwa akisema mama alikuwa mtu wa sala, na ni kweli alikuwa. Lakini ile novena hakuimaliza. Na Mungu, ambaye hakuwahi kumwambia arudi mwanzo, hakuwa na haraka nayo.

"Mama mjinga wee," Wilhelmina alisema, na hakujua anamwambia marehemu au anajiambia mwenyewe. Machozi yakamtoka. Akabandua kidonge, akakimeza na chai ya rangi iliyopoa kwenye kikombe, mchana kweupe, siku ya Jumatano, bila limao, bila mkeka, bila picha.

Mama Chirag alivuta kiti akakaa, akamngoja kichwa kitulie. Halafu wakatoka wakatembea polepole mpaka kwa muuza ndizi na kurudi, pahali tambarare, wakiisema harusi. Waliporudi Wilhelmina akampigia Precious.

"Kidonge nimemeza," alisema. "Mlima nitapanda siku nitakayojisikia. Na picha sitatuma tena, uso wangu unaujua."

"Mama," Precious alisema, "kusema kweli hata mimi ile ratiba ilinishinda. Siku ya pili tu."

"Khaa! Na mimi ukaniacha napanda mlima!"

"Niliona wewe unaweza."

Wilhelmina alimsonya binti yake mpaka betri ikaomba msamaha. Kisha akaupachika ule mkono upya, akaongeza kitambaa kwapani, akapiga pasi. Mama Chirag akavaa, akanyanyua mkono juu, ukapanda bila shida yoyote. Akatafuta mtu wa kujaribia, na kibandani hakukuwa na mwingine, basi akamwekea Wilhelmina kiganja kichwani.

"Kesho?" aliuliza, bila kukiondoa.

"Kesho nitameza."

"Mvua ikinyesha?"

"Nitameza nikiwa kitandani."

"Na ukisahau?"

Wilhelmina alivuta pumzi. "Nitameza nikikumbuka," alisema.