Usingizi Niliomnyima Mjukuu Wangu

Nilipaswa kukataa. Mwalimu wa darasa la nne alikuja nyumbani kwangu Chamazi kuomba mjukuu wangu aingie kambi. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, na watoto wangelala shuleni ili wajisomee hadi usiku mkubwa. Binti yangu, mama wa mtoto, hakutaka. Mtoto alikuwa na kifafa, na daktari alishasema usingizi wa kutosha ni sehemu ya tiba yake.

"Baba, mwache alale," aliniambia.

Mie nikamjibu kwamba mtoto anayesahau leo alichosoma jana hahitaji kulala, anahitaji kukazana. Nyumba ni yangu, ada nalipa mie. Neno langu likapita.

Hata kabla ya kambi nilikuwa nimeshamfundisha mbinu iliyonivusha kidato cha nne: kusoma huku miguu imo kwenye beseni la maji baridi, usingizi ukimbie. Alicheka. "Babu, utanifuga kama kambale." Lakini alitumbukiza miguu kwa utii, na kambini akaenda na beseni lake.

Wiki ya pili haijaisha, walimrudisha amebebwa, kifafa kimemwangusha mfululizo. Maneno yalikuwa yamempungua. Kijiko alikiita "kile kitu".

Hospitali walitaka kupima ubongo wake akiwa usingizini. Mchana ule fundi wa mashine, kijana mpole, alimbandika nyaya kichwani moja moja, taratibu, kama anayemsuka nywele. Akalala. Uso ulitulia kabisa. Kwenye kioo cha mashine mistari ilikuwa ikipanda na kushuka polepole, ghafla ikaanza kuruka yote pamoja, bila kupumzika. Nikamtazama mtoto. Hata kope hazikutikisika.

"Mzee, amelala," kijana akasema, "ila ubongo wake haujalala."

Daktari alitueleza kwamba usingizini ndipo ubongo hupanga tuliyojifunza mchana. Mistari ile iliyoruka ilikuwa cheche za umeme wa kifafa, nazo zilivuruga kazi hiyo kila alipolala, na kumnyima usingizi kulizichochea zaidi. Akasema ziko nchi ambako wataalamu wanajaribu kuzituliza kwa umeme mdogo sana unaopitishwa kichwani, ila bado wanajifunza. Umeme kutuliza umeme! Umri wangu wote nilidhani kulala ni kuacha kazi, kumbe ndani ya kichwa kidogo kama kile kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza. Nilitamani kusujudu palepale. Kisha nikaona binti yangu ananitazama.

Dawa zilipunguza kifafa. Daktari hakuweza kusema ni kipi kililetwa na ugonjwa na kipi na kambi. Mie najua alivyoingia kule na alivyotoka. Sasa ana umri wa kidato cha kwanza na hawezi kusoma sentensi moja. Mama yake alihama naye kwenda Bunju, na mie huwaona siku za Idi tu.