Samadi Juu ya Samaki wa Jiwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sare, buti zilizonizidi miguu, na korongo la mawe. Nilikuwa nimetoka Munje nikiamini naenda kulinda ndovu. Mimi ni mtoto wa nyumba ya wavuvi, na kwetu askari wa hifadhi alijulikana kuwa mtu wa kupambana na wanyama wakali, basi. Ndugu zangu walipopata habari kwamba nimepangiwa korongo kavu huko nyikani Kwale, mahali ambapo hata paa hupita kwa haraka, walicheka mpaka chai ikapoa. Kaka yangu mkubwa aliniuliza kama mawe yenyewe yana mazoea ya kutoroka.

Aliyenipokea alikuwa Sajenti wa kambi, mtu mkavu, mpenda usafi, aliyepiga pasi hata leso zake. Asubuhi ile alinishusha korongoni jua likiwa bado la upande, kwa sababu jua la utosini huficha kila kitu. Akaniambia nichuchumae nitazame mwamba. Nilitazama nikaona mwamba. Akaniambia nitazame tena, na safari hii nikamwona samaki: magamba, mapezi, mkia, na tundu la jicho. Nilipigwa na butwaa. Pale na bahari ni safari ya kuchosha, na huyo alikuwa amelala ubavu akiwa jiwe tupu.

"Wewe ni mtu wa pwani," Sajenti akasema. "Huyu ni samaki gani?"

Nikamjibu kwamba simjui, na kwamba hata babu yangu hakupata kumvua wa aina hiyo.

"Basi hakuna atakayemvua tena. Kazi yako ni hiyo."

Vijana wa leo mnasoma haya shuleni, lakini sisi tulifundishwa papo hapo, juani. Kisukuku ni mabaki ya kiumbe au mmea uliofunikwa na tope zama za kale. Tope likagandamana likawa mwamba, na kiumbe naye akageuka jiwe humo humo. Mwamba wenyewe umepangwa kwa matabaka, na tabaka la chini huwa la zamani kuliko la juu yake. Kwa hiyo thamani ya kisukuku haimo ndani yake peke yake. Nusu ya habari zake ni mahali alipolala: tabaka gani, kichwa kimeelekea wapi, jirani yake ni nani. Ukimwondoa bila kupima, umebaki na jiwe zuri lisilojua kwao.

Kanuni zetu zilitokana na hilo. Usiokote, usisogeze, usioshe. Usichimbe ila kwa kibali, na awepo mtaalamu wa makumbusho. Mgeni asiingie bila askari. Ndani ya vigingi vilivyozunguka eneo lile hapaingii mguu wala kwato. Baadaye, simu zilipokuja, tukaongezewa nyingine: picha inayoonyesha vilima vya nyuma isitumwe kwa mtu yeyote, maana wanunuzi wa magendo wanajua kusoma vilima kuliko sisi tunavyosoma magazeti.

Kanuni zilikuwepo, ila kuzielewa ni jambo jingine. Mfano ni mawe ya chokaa. Kila kambi ya serikali niliyopata kuiona ina njia iliyopangwa mawe pande zote mbili, yakapakwa chokaa yakametameta. Mkuu mpya wa Hifadhi alipokaribia kuripoti, Sajenti wetu, kwa kupenda kwake usafi, aliagiza mawe ya duara yenye kimo kimoja. Vijana waliotumwa wakayaleta kutoka chini ya korongo, nje kidogo ya vigingi. Yalipendeza, siwezi kusema uongo. Njia ya kambi ilikuwa kama imevaa kanzu ya Idi.

Mkuu mpya akashuka kwenye gari. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, binti wa wahamiaji wa Kikristo kutoka bara waliopata shamba upande wa Msambweni, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Tulimwita Mama Mkuu. Alipokea saluti, akapita njia ile hatua chache, kisha akainama mbele ya gwaride zima. Akaokota jiwe moja, akaligeuza, akaliweka chini taratibu. Yale yalikuwa vinundu, yaani mabonge ya tope gumu yanayojiviringa juu ya kiumbe aliyekufa. Ndani ya vingi vya vinundu vile mlikuwa na samaki.

Sote tulingoja radi. Mama Mkuu alimuuliza Sajenti kwa upole kila jiwe limetoka wapi. Sajenti akawageukia vijana, nao wakaonyesha korongo zima kwa mkono. Hakumwadhibu mtu. Alimwomba Sajenti yeye mwenyewe awe mwalimu wa kila askari mpya kuhusu vinundu, na Sajenti akaifanya kazi hiyo kwa bidii hadi alipostaafu. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda mama yule. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na wengi wao walijua kugomba. Yeye alijua kumwachia mtu heshima yake na bado kosa lisirudiwe.

Sasa nifike kwenye kiangazi.

Miaka yangu ya mwisho kazini nchi ilikauka vibaya. Mito ya msimu ikawa vumbi, visima vya vijiji vikatoa tope, na mabwawa yakapasuka. Ndani ya hifadhi kulikuwa na kidimbwi kimoja chini ya korongo ambacho hakikupata kukauka. Mama Mkuu alikuwa na mamlaka ya kuruhusu mifugo kunywa hapo wakati wa dhiki, na aliruhusu. Tatizo lilikuwa njia. Kuta za korongo zilikuwa wima kila upande, na mteremko pekee ambao ng'ombe angeweza kuushuka ulipita juu ya mwamba wa samaki, katikati ya vigingi.

Aliyekuja kuzungumza kwa niaba ya wafugaji alikuwa Mzee Nyawa, Mduruma mwenye ng'ombe wengi wakati ule, ambaye mifupa ya waliokufa ilikuwa imeanza kuonekana kando ya boma lake. Mama Mkuu alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akakaa. Hakulalamika wala hakulia. Alisema tu kwamba wana wake wanasomeshwa na wale ng'ombe, kwamba mahari za wanawe ni wale ng'ombe, na kwamba wiki ile wakikosa maji hatakuwa na sababu ya kurudi kutusumbua tena.

Mama Mkuu alipiga simu makao makuu. Akaambiwa suala la vigingi si lake kuamua, kamati itakaa. Alikata simu, akavua miwani, akakaa akiisugua. Kisha akaniita, kwa kuwa nilikuwa mkongwe wa korongo lile, akaniuliza kama nimewahi kuona wataalamu wakifukia kisukuku upya. Nilikuwa nimeona. Wakikosa muda au fedha za kuchimba, huwa wanakifunika tena ili kikae salama: kitambaa laini kwanza, juu yake mchanga uliochekechwa usio na kokoto, kisha magunia ya mchanga, kisha udongo. Akasema tutafukia mwamba mzima, kwa unene wa kuhimili kwato, na ng'ombe watapita juu.

Tulifanya kazi hiyo bega kwa bega, askari na wafugaji. Wanawake wa Kiduruma walichekecha mchanga kwa nyungo zao, na askari tukabeba magunia mpaka migongo ikakataa. Magunia yalipokwisha kupangwa, kabla ya udongo, ng'ombe wa kwanza akaletwa. Akanusa magunia, akagoma. Akachapwa, akarudi nyuma. Kundi zima likasimama juu ya korongo, likinusa maji kule chini na kuroroma, sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Tukatazamana.

Mzee Nyawa akasogea kwa Mama Mkuu. "Mwanangu, ng'ombe hawezi kukanyaga mahali asipopajua harufu. Niruhusu nilete samadi ya bomani mwangu, niimwage juu. Atajua ni kwao, atapita."

Niliuona uso wa Mama Mkuu. Alikuwa amejitolea maisha yake kuhakikisha hata maji safi hayagusi mawe yale, na sasa anaombwa kumwagia samadi. Aliuliza kama inaweza kuwa kavu. Mzee akasema kiangazi hiki hakuna mbichi. Basi akaagiza magunia ya juu yaondolewe, turubai zetu zote zitandikwe katikati ili unyevu wa ng'ombe wanaopita usipenye, magunia yarudishwe, na samadi ije. Ililetwa kwa mikokoteni. Mzee Nyawa akaimwaga kwa mikono yake, akasimama chini mteremkoni, akamwita kwa jina jike wake mkubwa aliyekuwa akiongoza kundi. Jike akanusa, akatia mguu, akashuka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka majini. Nililia pale, mtu mzima na sare yangu, na sikuwa peke yangu.

Mkaguzi kutoka makao makuu alifika wakati ng'ombe wanapita. Alikuwa kijana msomi, mwenye adabu, na alikuwa na haki yake. Kanuni alizokuja kuzisimamia ndizo sisi tulizozilinda miaka yote. Alimwambia Mama Mkuu kwamba amevunja kanuni ya vigingi. Akataka pafukuliwe aone kama mwamba ni mzima. Ukionekana mzima, huenda yakaisha.

Ilikuwa nafasi ya Mama Mkuu kujiokoa, naye aliiona kama sisi sote tulivyoiona. Kufukua ilikuwa kazi ya siku kadhaa, na siku hizo hakuna ng'ombe ambaye angekunywa.

"Sifukui mpaka mvua inyeshe," akasema. "Jiwe likivunjika, ni mimi. Andika hivyo, sina shida."

Mkaguzi hakuandika kwa furaha, lakini aliandika. Mama Mkuu akahamishwa kwenda ofisi ya mbali, ya makaratasi, bila korongo wala mwamba. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akaniambia niwaangalie wafugaji wasishushe ng'ombe wengi kwa mkupuo. Aliondoka bila kujua kama samaki wake wapo au wamekuwa kokoto, na mimi niliyebaki sikujua pia.

Mvua ilichelewa, kisha ikaja. Nyasi zilipoota, mtaalamu wa makumbusho alifika tukaanza kufukua: samadi, magunia, turubai, magunia, mchanga. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Mzee Nyawa alikuja bila kuitwa, akakaa pembeni kwenye jiwe la kawaida baada ya kuniuliza kwanza kama ni la kawaida. Mtaalamu alifagia mchanga wa mwisho kwa burashi, akainua kitambaa, jua likiwa la upande. Samaki alikuwepo. Mapezi, mkia, tundu la jicho. Wa pili akatokea, wa tatu, na mwamba wote mzima.

Nilimpigia simu Mama Mkuu. Nikasema, "Mama, tumefukua." Akanikatiza.

"Ng'ombe wa Mzee Nyawa walipona?"

Nikampa mzee simu. Akaishika kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema, "si wote. Lakini waliopona wamezaa." Akasikiliza kwa muda, akitikisa kichwa, kisha akanirudishia akisema mwenye simu analia. Aliponyamaza ndipo nilipomweleza habari za samaki. Akashukuru Mungu, akasema tuwafunike tena, jua lisiwaharibu. Tukawafunika.

Siku hizi namna ile ya kufukia imo katika kanuni za hifadhi, na kiangazi kikija askari na wafugaji huufukia mwamba pamoja, samadi ikiwa ya mwisho. Kanuni haina jina la mtu, wala yeye hakupata kurudishwa korongoni. Mimi nimerudi Munje, napalilia mihogo yangu. Kila Krismasi nampigia kumpa mkono wa sikukuu, na kila mwaka, kabla hata hajaniuliza hali yangu, ananiuliza ng'ombe wangapi wameteremka kunywa.