Wifi Yangu Aliiga Swaumu Yangu ya Uongo

Mimi ni mwongo, na nianze hapo kabla hamjaanza kunionea huruma. Sitaki mtu aniandikie "pole dada." Pole wapewe waliofikwa. Mimi sikufikwa na kitu, nilitenda.

Nina miaka arobaini na mitatu. Naishi Deira, mume wangu ana kazi ya kusafirisha mizigo kwenda Dar na Tanga. Siku ya kwanza nilipotua Dubai, miaka kumi na minne iliyopita, aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege ni dada yake. Nitamwita Ruki, si jina lake. Ruki alinifundisha kupanda metro, kuchagua samaki, hata kusema "khalas", yaani basi imetosha, kwa mwenye duka aking'ang'ania mkono wa mteja. Nilipojifungua na mtoto akafariki, Ruki alilala sakafuni kando ya kitanda changu wiki tatu. Mawifi wa namna hiyo hawazaliwi kila siku. Nami nimemlipa hivi!

Nilikuwa mnene. Simaanishi unene wa kupendeza, namaanisha unene wa kupumzika kila ngazi ya tatu. Sisi kina mama wa pwani tuliopo hapa tuna kisomo cha Yasini kila Alhamisi baada ya alasiri. Wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mara Deira, mara Al Barsha, mara kule Silicon Oasis. Tukishasoma linaletwa sinia, tunalizunguka na kula pamoja kwa mkono. Bi Salha, mama wa Kiunguja asiye na kufuli mdomoni, alikuwa kila akiniona nakaa anasema, "Huyu mpeni sinia lake, sie tujibane hili." Watu wanacheka. Mimi nacheka kuwashinda, nikirudi nyumbani nalia bafuni.

Basi nikaenda kufungwa mpira. Kwa asiyejua, daktari anatoboa matundu madogo, anaivisha mpira sehemu ya juu ya tumbo la chakula, kinabaki kifuko kidogo tu cha kupokea unachokula. Chini ya ngozi wanaacha kidude cha kuchoma sindano, wanatia maji, mpira unakaza. Unakula vijiko vichache umeshiba. Lakini ole wako ule wali, mkate au nyama bila kuitafuna mpaka iwe uji. Inakwama kifuani, unatoka mate na machozi, unatamani ardhi ikumeze.

Nilingoja Ruki aende likizo Tanga ndipo nikaenda. Waliouliza niliwaambia nimetolewa mawe ya nyongo. Mume wangu nilimshikisha msahafu asimwambie mtu, hata dada yake. Aliniuliza, "Umefanya dhambi gani mpaka tuape?" Nikamjibu watanicheka, watasema nimenunua wembamba dukani. Akaapa ili nimwache apumzike.

Sasa jamani, sinia halina siri. Mkono wako unaonekana. Ukila matonge matatu ukaacha, mwenye nyumba atauliza kama chakula kina kasoro, na wa pembeni atakusukumia nyama mbele yako kwa mapenzi. Alhamisi ya kwanza baada ya operesheni nilikaa mbele ya biriani sijaigusa. Bi Salha akaniambia nile. Neno likanitoka lenyewe.

"Nimefunga."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, sunna ya kufunga ipo. Hakuna aliyeshangaa. Wakanifungashia chakula changu ili nikafuturu nacho nyumbani, mimi nikaenda kumpa mume wangu. Nikaona, kumbe ni rahisi hivi!

Ikawa ndiyo desturi. Jumatatu na Alhamisi, nimefunga. Saa saba mchana nakula viazi vya kupondwa na samaki kwenye kisahani cha kikombe, napiga mswaki, nakwenda kusoma Yasini na uso wa njaa. Siku hizo sikupaka hata mafuta ya midomo, ili ionekane mikavu. Mtu mzima nimefanya hivyo, na leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Kilo zikaanza kuondoka. Abaya zikawa zinaning'inia. Bi Salha yuleyule akasema mbele ya wote, "Mashallah, mwenzetu anakonda kwa ibada, sie tunanenepa kwa umbea." Nikainamisha kichwa kama mcha Mungu. Sikuwahi kusifiwa hivyo tangu nizaliwe, na sifa ile nilikuwa naimeza bila kutafuna.

Sasa nije kwa Ruki.

Ruki naye ni mnene, tena ana sukari, anameza vidonge vya kuishusha. Alikuwa anauza manukato kwenye duka moja la jumba kubwa la maduka kule Al Barsha, kutwa kusimama. Siku moja jikoni kwangu akanishika kiuno akacheka. Akaniuliza siri yangu nini, kwa sababu magoti yake yanamwua.

Nilikuwa naye peke yake. Mlango umefungwa, mtu aliyelala sakafuni kwa ajili yangu yupo mbele yangu, ananiuliza kwa shida yake. Nikamwambia ni swaumu ya sunna tu, na futari nyepesi.

Akasema daktari wake amemkataza kufunga akiwa na vidonge vile, hata Ramadhani anatoa fidia. Ungedhani hapo ningenyamaza. Sikunyamaza! Nilimwambia, "Wifi, Mungu hamdhuru mja wake kwa ibada." Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula, mtoto wa madrasa anajua, halafu mimi niliyekula viazi mchana nikamfungia mlango ambao Mungu kamfungulia. Nikaongeza kwamba akiona anatetemeka avumilie, ndiyo mafuta yanayeyuka. Hilo nilijitungia palepale.

Akaanza. Wiki mbili za mwanzo alilalamika kichwa tu. Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu, baada ya alasiri simu yangu ikalia. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, bakuli la uji mapajani, kijiko mdomoni. Naomba muielewe picha hiyo, maana mimi naiona kila siku.

"Wifi," akasema, "mikono inatetemeka, jasho linanitoka la baridi. Mwenzangu hapa kanipa juisi. Nifungue?"

Nikameza uji wangu. Nikamwambia, "Vumilia, magharibi si mbali."

Akasema haya. Akairudisha ile juisi. Akamwambia mwenzake kwamba anakwenda kujilaza kidogo chumba cha kuswalia. Akajilaza pembeni, akajifunika khanga yake, na kila aliyeingia alidhani ni mtu amesinzia. Mfanyakazi wa usafi alipomtikisa ilikuwa watu wanakuja kuswali magharibi. Hakuamka.

Hospitali walisema sukari ilishuka mno na ilikaa chini muda mrefu, ubongo umeumia. Siku ya tano akafumbua macho. Daktari, mama mmoja mkali, akatuuliza nani amemruhusu mgonjwa wa vidonge hivi kufunga. Mume wangu akanigeukia. Alikuwa anajua kila kitu, ila kiapo kimemfunga mdomo. Mimi nikajibu kwamba sisi ni Waislamu, hii ni ibada. Daktari akanitazama, na yeye mwenyewe kavaa hijabu, akaniambia, "Na mimi pia." Akaondoka. Hata hapo sikusema!

Ruki akapona kwa kiasi. Anatembea polepole, neno analitafuta kabla ya kulitoa. Ya zamani anayakumbuka yote, mpaka majina ya kuku wa bibi yake. Ya jana yanamwagika. Dukani wakamvumilia mpaka likizo ya ugonjwa ikaisha, halafu wakakatisha kazi, na kazi ikikatika viza nayo inakatika. Miaka ishirini na mbili ya Dubai ikaingia kwenye masanduku mawili. Akawa anarudi Tanga kukaa kwa binti yake.

Kisomo cha kumuaga kilikuwa kwangu, Alhamisi. Tokea aanguke sikuthubutu tena kusema nimefunga, nikawa nasema tumbo limechafuka. Tukasoma, sinia la pilau likaja. Ruki alikaa ubavuni kwangu. Mkono wake haukuwa na nguvu, lakini alikusanya wali taratibu, akachomeka kipande cha nyama katikati, akalibana tonge, akaliinua mpaka mdomoni kwangu.

"Kula mkononi mwangu, wifi," akasema. "Sijui kama tutaonana tena."

Nani kwetu anakataa tonge la kuagana? Kina mama wote walikuwa wananiangalia, wengine wanalia tayari. Nikafungua mdomo. Nikatafuna nilivyoweza, lakini yeye alikuwa anangoja nimeze ili anitengenezee la pili. Nikameza.

Likakwama. Kifua kikabana, mate yakaanza kujaa na kutoka mazito kama povu. Mmoja akanipiga mgongo, mwingine akaniletea glasi ya maji, Bi Salha anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mume wangu alikuwa chumbani anafunga masanduku ya dada yake. Alisikia zogo, akaingia bila hata kubisha hodi, akaipokonya ile glasi.

"Msimpe maji! Ana mpira tumboni, alifungwa hospitali. Maji yatamzidishia."

Nikatapika kwenye beseni. Tonge likatoka. Ruki akamtazama kaka yake, akamwuliza mpira huo tangu lini. Mwaka na nusu, akajibu. Kiapo kilishavunjika, hakuwa na cha kulinda. Ruki akahesabu kwa vidole, polepole, anakosea anarudia. Halafu akanigeukia mimi.

"Kumbe ulikuwa unakula?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ruki akachukua ncha ya khanga yake, akanifuta mdomo. Laiti angenipiga! Laiti angenitukana matusi yote ya Tanga na Dubai! Alinifuta mdomo, akaomba kaka yake ampeleke uwanja wa ndege mapema.

Bi Salha ndiye wa mwisho kutoka. Mlangoni akasema yeye alinicheka, na atamjibu Mungu wake kwa hilo, lakini utani wake haujamlaza mtu hospitali. Kisomo kinaendelea kila Alhamisi, mimi siitwi. Mume wangu anakula nyumbani, anashukuru, anaondoa sahani yake mwenyewe. Tunaongea habari za umeme na mizigo.

Hasira yangu hainiishi. Namkasirikia Bi Salha kwa mdomo wake, kisha nakumbuka si yeye aliyepokea ile simu. Nawakasirikia wote waliosema "mashallah" bila kuuliza. Namkasirikia mume wangu, eti kiapo, kana kwamba msahafu ulishushwa ili ufiche ushenzi wa mkewe. Nikimaliza kuzunguka narudi kwangu mwenyewe, na bakuli la uji.

Nawe unayesoma, ukiwa na mpira tumboni au umekatwa tumbo au unachoma sindano za kupunguza mwili, sikwambii ni vibaya. Mpira hauna kosa. Magoti yangu yamepona, najifunza mpaka leo kula polepole na kuacha nikishiba, na daktari wangu nimemweleza yote. Lakini waambie unaokula nao. Watakucheka wiki moja, halafu watachoka. Usiweke jina la Mungu juu ya jambo ulilofanyiwa na daktari, kwa sababu kuna mtu anakupenda na anakuamini, na atafanya vilevile kama ulivyosema. Na wewe mwenye sukari, usifunge kwa maneno ya jikoni. Muulize anayekupimia dawa, na ukitetemeka kunywa hiyo juisi, hata kama adhana imebakiza dakika moja!

Nampigia Ruki kila wiki. Wiki ya kwanza nilitegemea hatapokea. Alipokea kwa furaha, akaniuliza habari za Deira, kisha akasema, "Leo si Alhamisi? Umefunga, wifi? Niombee basi, dua ya aliyefunga hairudi." Alikuwa amesahau. Tonge, beseni, khanga, vyote vimemwagika.

Nanyi mnaonihukumu, jueni na hili: siku ile nilisema ndiyo, nimefunga. Nilipewa nafasi ya pili ya kusema kweli nikasema uongo uleule. Nilikata simu nikajichukia.

Tangu wiki iliyofuata namwambia. Kila Alhamisi ananiuliza, kila Alhamisi namweleza tokea mwanzo, mpira, viazi, ile simu ya Jumatatu, na kila mara kwake ni habari mpya. Mara nyingine analia. Mara moja alikata simu. Alhamisi iliyopita nilimsikia anatafuta maneno.

"Ungeniambia tu, wifi," akasema. "Ningechukua ruhusa kazini, nikaja kukuuguza."

Alhamisi ijayo atakuwa amesahau, ataniuliza kama nimefunga, nami nitamweleza tena.