Kata Aliyonywea Mbwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa. Najua mnavyonicheka. Mkipita uani kwangu mkaona mbwa mmoja ana miguu mitatu na mwengine taya limepinda, mnagongana viwiko mkisema bibi huyu amekusanya vilema. Nawasikia. Macho ndiyo yaliyopungua, masikio bado. Sasa nitawaeleza jambo lilivyoanza, na sitawaomba mnikubalie. Mlango wa skuli sikuujua. Nilisoma chuoni kidogo, Kurani ya kutosha kusali, na herufi hizi nimezipata ukubwani katika darasa la ngumbaru. Mkikuta kosa la maandishi, lirukeni. Mkikuta neno kali, hilo si kosa, nimekusudia.

Miaka ile ya Uhuru nilikuwa nikifua nguo kwa mzungu mmoja Diani, mtu na mkewe. Walikuwa na mbwa dume, mkubwa, manyoya yake rangi ya makuti makavu. Nilipoanza kazi alikuwa akishinda kutwa kuwafukuza kima waliokuja kuiba mapapai. Miaka ikapita, macho yote mawili yakaingia ukungu mweupe, asione hata mkono ulio mbele yake. Kisha kikamwingia kifafa. Kikimshika huanguka ubavu, miguu ikapiga hewa, povu likamtoka mdomoni. Baadaye huinuka akayumba kama mlevi, akatafuta maji.

Bendera ilipobadilishwa, wale wazungu wakaamua kurudi kwao. Asubuhi moja nilikuta masanduku yamejaa ukumbini na mbwa amefungwa penye bomba, pale ninapofulia. Memsabu akatoka, macho mekundu.

"Kesho iko mtu nakuja na bunduki," akaniambia. "Maliza yeye. Yeye mzee, macho kwisha."

"Amekosa nini?"

"Hapana kosa. Hii ni huruma."

Nilikuwa nakamua shuka. Niliikamua mpaka haikuwa na tone tena, na bado nikaendelea kuikamua. Huruma ya bunduki sikuwahi kuisikia. Mamangu mzazi alikufa kipofu, tukimshika mkono kumpeleka msalani, na hakuna aliyesema tumwonee huruma ya namna ile.

"Basi nipe mimi," nikasema.

"Wewe nafanya nini na yeye? Hapana linda, hapana ona."

"Hayo ni yangu."

Alilia, akanipa kamba. Nami nikajifunga leso vizuri nikaenda zangu na mbwa wa watu.

Msitafute hapa kisa cha mbwa aliyeniokoa na nyoka. Hakuniokoa na chochote. Miaka yote ile alilala juu ya nguo chafu nikawa namsukuma kwa mguu. Nilimchukua kwa sababu alikuwa hai, na kesho yake hangekuwa hai, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Sababu nyingine sina, na anayetaka nyingine akaitafute kwake.

Kwetu ni nyuma ya Ukunda, na njia yetu yapita kisimani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa pale akiteka maji na wenziwe. Ulimi wa wifi yangu ulikuwa haulali.

"Jamani njooni muone!" akapiga kelele. "Uhuru umekuja, wenziwe wanagawiwa mashamba, yeye amegawiwa mbwa wa mzungu! Tena mbovu!"

Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika.

"Na wewe umegawiwa nini, wifi?" nikamuuliza.

"Mimi bado nangoja."

"Basi ngoja. Mimi changu nimeshakipata."

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Mume wangu, babu yenu, alikuwa mkwezi wa minazi, mtu wa maneno machache. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akaketi kizingitini.

"Mke wangu, mimi sikupigi wala sikufukuzi," akasema. "Lakini nakuwekea mpaka. Siku mbwa huyu atakapotia mdomo katika chombo cha nyumba hii, siku hiyo hiyo atatoka. Hapa tunasali."

Kwa asiyejua, mate ya mbwa kwetu ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Nililijua hilo kabla sijaolewa. Nikamwambia, "Nimekubali." Nikamfunga mbwa nje, chini ya upenu wa jiko, nikampa kifuu chake cha nazi, mbali na vyombo vyetu. Kwa kuwa haoni, kila nikimwekea maji au muhogo na vichwa vya samaki niligonga ukingo wa kifuu kwa ukucha mara mbili. Ko, ko. Jina lake la kizungu lilinishinda ulimi, kwa hivyo huko kugonga ndiko kukawa jina lake.

Mwalimu wa chuo naye alikuja, kwa heshima, akasimama mbali na upenu.

"Mama, mbwa wa kulinda hana neno," akasema. "Lakini huyu analinda nini?"

"Halindi kitu, mwalimu."

"Sasa sababu ya kumweka ni ipi?"

"Yeye ndiye anayelindwa."

Mwalimu akakuna ndevu. Akaomba maji, nikamletea kwa kata yetu kutoka mtungini, akanywa akaenda zake. Kunywa kwake kulinitosha.

Nikakaa hivyo miezi, nikisemwa kisimani, nikisemwa arusini. Watu walikataa vitumbua vyangu. Nikavila mwenyewe, nikanenepa.

Ndipo ukaja msimu wa kichaa cha mbwa. Habari zilianzia upande wa Kikoneni, kwamba mbwa wameuma watu na ng'ombe. Serikali ikamtuma bwana mifugo, kijana wa bara mwenye kaptura ya kaki na bunduki. Alikusanya watu penye maduka, nami nilikuwapo na kikapu changu kichwani. Akasema mbwa anayezurura atapigwa, aliyefungwa kwake ataachwa. Kisha akasema, "Mwenye kichaa mtamjua. Anatoa povu, na anaogopa maji. Ukimwekea maji hayanywi." Nililishika neno lile kama mtu anavyoshika nauli yake, bila kujua nitashukia wapi.

Alasiri moja wifi yangu alikuja kuniazima mbuzi ya kukunia nazi. Alipofika tu upenuni, kifafa kikamshika mbwa. Akaanguka, akapiga miguu, povu likajaa mdomoni. Wifi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Kichaa! Kichaa! Jamani tumekwisha!"

Akakamata mchi wangu wa kinu, na kwa kuwa mbwa mwenyewe alimwogopa, akakishukia kile kifuu. Alikipondaponda mpaka kikawa vigae. "Hata chombo chake kina sumu!" alisema. Kisha akatoka mbio kwenda madukani alikokuwa bwana mifugo.

Kabla mtu hajamaliza kukuna nazi mbili, ua wangu ulijaa. Walikuja wanawake wa kisimani, alikuja mwalimu, alikuja mume wangu ametoka mnazini, kitanzi cha kukwea bado kiko begani. Mbele yao bwana mifugo na bunduki yake. Mbwa alikuwa ameshainuka, amesimama akiyumba, povu linamkauka kidevuni. Mimi nikasimama mbele yake.

"Mama, toka hapo," akasema bwana mifugo.

"Kwenu huingia nyumba za watu bila hodi?"

Alitahayari. Alikuwa kijana aliyelelewa. "Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Sasa toka hapo."

"Sitoki."

Watu wakaguna. Wifi akasema, "Mpigeni na yeye, ameshaumwa huyo! Kichaa kimempanda!"

"Wewe ulisema madukani," nikamwambia bwana mifugo, "kwamba mwenye kichaa hanywi maji. Nilikuwepo. Ulisema hukusema?"

"Nilisema."

"Akinywa?"

Akafikiri. "Akinywa vizuri, hana. Lakini haraka, mama. Ninyi mmekaa karibu sana."

Nikageuka kutafuta kifuu. Hakikuwepo, ni vile vigae. Vyombo vingine vyote vilikuwa vya nyumba. Na mlangoni pa jiko, juu ya kifuniko cha mtungi, ilikuwa kata yetu, ile ya mpini mrefu, tunayotekea maji ya kunywa watu wote wa mle ndani. Nilitazama kata, nikamtazama mume wangu. Naye alikuwa ameshajua.

"Mke wangu," akasema polepole, "hiyo usiitoe."

Nisipoitoa, mbwa anakufa kwa bunduki. Nikiitoa, mpaka nimeuvunja mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya watu, na mbwa anatoka, na mbwa anayezurura ni wa kupigwa. Niliyaona yote hayo, na hakuna lililonirudisha nyuma. Nikaichota kata, ikajaa, nikachuchumaa, nikamwekea mbwa chini ya pua.

Mbwa akageuza kichwa.

"Anaogopa! Mnaona? Anaogopa!" Wifi alikuwa anarukaruka.

Bwana mifugo akainua bunduki. "Mama, nimekupa nafasi."

Ndipo nikakumbuka ujinga wangu. Mnyama haoni, ametoka katika kifafa, hajui hata yuko wapi, nami nimemsogezea kitu ambacho hajawahi kukinusa, kimya kimya kama mwizi. Nikagonga ukingo wa kata kwa ukucha. Ko, ko.

Masikio yakasimama. Akashusha kichwa akanywa. Alikunywa kwa kelele, kama watu wazima wanavyokunywa uji, akaimaliza kata yote akalamba mpaka mpini. Nikaijaza tena kwa maji ya ndoo, isiguse mtungi, nikagonga, akaimaliza na hiyo.

Bwana mifugo akashusha bunduki. "Huyu ni mgonjwa tu," akasema. "Lakini mama, amezeeka, haoni, anaanguka. Wacha nimpumzishe."

"Na mimi nikizeeka nisione, utakuja unipumzishe?"

"Hapana, mama!"

"Basi nenda salama. Nisalimie kwenu."

Alicheka, akatikisa kichwa, akaondoka. Lakini wengine hawakuondoka. Walikuwa wanangoja kitu kimoja, kata iliyokuwa mkononi mwangu. Mume wangu alikuwa bado amesimama na kitanzi chake.

"Tulipatana," akasema.

"Tulipatana. Nami nimevunja. Sasa tazama."

Nikachimba udongo safi kando ya ukuta, nikautia ndani ya kata, nikautia maji, nikasugua ndani, nje, na mpini wote. "Moja!" nikasema kwa sauti. Nikamwaga, nikasuuza kwa maji. "Mbili!" Niliendelea hivyo, kila mara nikihesabu, mpaka nikafika saba. Nikaiinamisha kata maji yatoke.

"Hata uoshe sabini," wifi akasema, "mimi siigusi."

"Sheria imesema saba. Hizo sabini umezitoa wapi wewe?"

Akatafuta jibu usoni kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama chini, lakini alisema, na hilo namshukuru mpaka leo: "Imetoharika."

"Umesikia, mume wangu?" nikasema. "Ulisema hapa tunasali. Ama tunaiamini ile saba, ama tunajisemea tu. Kama kata hii ni safi, mbwa atatoka kwa kosa gani?"

Akakitundika kitanzi chake ukutani. Lakini kamba ya mbwa hakuifungua.

Mbwa yule aliishi masika mawili tena, akafa usingizini chini ya upenu, na mimi ndiye niliyemchimbia. Baada yake watu walianza kuniletea wengine, kwanza kwa dhihaka, kisha bila dhihaka. Alikuja jike aliyekatwa mguu na waya wa kutegea nguruwe. Alikuja mbwa wa mzee mmoja wa bara aliyepewa shamba huko juu, mbwa wa kuwinda aliyevunjwa taya na teke la punda. Mzee alikuwa anamtafutia kamba ya kumnyonga. Nikamwambia kamba hiyo akamfungie mbuzi wake. Wote walikuwa wazee, wote wabovu. Wazima wana wenyewe. Hawa mnaowaona leo wamekuja kwa njia hiyo hiyo.

Na ile kata? Baada ya alasiri ile babu yenu hakuigusa, alikunywa madafu siku tatu. Mkwezi hakosi madafu. Siku ya nne alirudi na jua la saa saba, akasimama mbele ya mtungi muda mrefu, kisha akachota akanywa, akaipangusa kata kwa kiganja akairudisha mahali pake.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Alasiri ile, watu walipokwisha kutawanyika, nilimkuta binti yangu mkubwa ameshaificha kata nyuma ya kuni na ameshika shilingi ya babake kwenda kununua mpya. Nikamwita, nikawaita wote wa nyumba, mume wangu akiwa kizingitini anasikia, nikaitoa kata nyuma ya kuni nikaiweka juu ya mtungi, nikawaambia:

"Kata nyingine haitanunuliwa. Mtungi huu una kata moja, ndiyo hii, na kila mmoja wenu atakunywa kwayo, nikianza mimi. Asiyetaka, kisima anakijua kilipo. Na wewe, binti, niletee kifuu kipya cha mbwa, kikubwa kuliko kile."