Nilikwenda Kumshtaki Nyundo

Jumamosi hiyo nilibisha hodi kwa mama mmoja ambaye sikuwa nimewahi kumwona maishani, keki ya watu saba mkononi na shitaka moja moyoni.

Shitaka lenyewe: Nyundo afukuzwe kwenye kundi, la sivyo naondoka mimi.

Keki tuliila watu wawili. Shitaka ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Mimi ni kinyozi. Mjomba wangu alipohama aliniachia kompyuta ya zamani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Prosesa yake, yaani ubongo wake, imenizidi umri. Mjomba alisema niitupe au niitumie, shauri yangu.

Nikaanza kujifunza asembli, lugha ya kuiamuru prosesa yenyewe bila kupitia kwa mtu. Huwezi kuiambia "hesabu wateja". Unaiambia chukua namba hii, iweke kwenye rejista, kile kijisanduku chake cha namba, ongeza moja, linganisha, rudi juu. Ni kama kumtuma mtu dukani huku ukimwelekeza kila hatua anayokanyaga.

"Itatuletea nini hiyo?" mke wangu aliuliza.

"Haileti kitu."

"Sawa. Nilitaka kujua tu."

Mtandaoni nikakuta kundi la watu wanaoipenda prosesa hiyohiyo. Walikuwa sita; mimi nikajiunga kwa jina la Kinyozi. Mwenye kundi alijiita Mama Sifuri. Alikuwepo Mzee Waya, ambaye kila ukileta tatizo anauliza kama waya umepata moto. Alikuwepo Kimya, anayeweka dole gumba na kwenda zake. Wawili wengine kazi yao ilikuwa kusema hongera.

Na alikuwepo Nyundo.

Kundi lilikuwa na sheria moja tu: mgeni akileta programu yake, lazima ajibiwe.

Programu yangu ya kwanza ilitakiwa kuandika "karibu" kwenye skrini. Ikaandika karibu, karibu, karibu mpaka skrini ikajaa, na haikuonyesha dalili ya kuchoka.

Mama Sifuri akaandika: "Hongera mwanangu, imewaka." Kimya akaweka dole gumba. Mzee Waya akaulizia waya.

Nyundo akaandika: "Mstari wa tisa unairudisha juu. Hakuna mstari unaoiambia iache. Wewe si kinyozi? Wateja wako hutoka vipara?"

Nikawaka. Nilizunguka chumba kizima nikimjibu kwa sauti, peke yangu. Kisha nikakaa nikarekebisha mstari wa tisa.

Baadaye nikatengeneza programu ya foleni ya pale kazini, ionyeshe zamu ya nani. Mpaka mteja wa tisa mambo yalikuwa safi. Baada ya tisa, skrini ikatoa nukta mbili, moja juu ya nyingine. Mteja wa kumi, mwalimu mstaafu, aliitazama kwa muda akaniuliza kama hiyo ni yeye.

Nyundo hakuchelewa. "Umeongeza moja kwenye picha ya tisa, si kwenye tisa yenyewe. Kwenye orodha ya alama za mashine hii, baada ya picha ya tisa inakuja nukta mbili. Mwombe radhi mzee wa watu, umemgeuza alama ya uandishi. Mstari wa kumi na saba ni mzuri, sijui umeuiba wapi."

Sikuuiba. Nilimpelekea mke wangu simu jikoni ili aone neno "mzuri". Akasema ameliona.

Nikaikalia programu ile kwa wiki kadhaa. Ikajua kuhesabu kupita tisa. Nikaitilia na mlio wa kumwita mteja. Nikaituma kundini, nikakaa kusubiri kama mtu aliyepeleka posa.

Mama Sifuri akasema hongera. Dole gumba likaja. Nyundo akaandika maneno matatu.

"Futa. Anza upya."

Basi. Hakutaja mstari wa ngapi, wala hakuleta habari za vipara. Niliteremsha skrini nikitafuta maneno mengine, hayakuwepo. Iliniuma kuliko matusi yote ya nyuma, na nikashindwa kueleza kwa nini.

Nikamwandikia Mama Sifuri pembeni: yeye au mimi.

Akajibu: "Njoo Jumamosi mwanangu, tuongee ana kwa ana. Tutakuwepo sote."

"Yaani unakwenda kumshtaki mtu usiyemjua kwa mtu usiyemjua," mke wangu alisema.

"Ndiyo."

"Basi nunua keki. Usiende mikono mitupu."

Aliyefungua mlango alikuwa mama mtu mzima, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Sebuleni kulikuwa na kompyuta kama yangu, safi kuliko yangu. Mezani sahani mbili.

"Wengine wamechelewa?" nikauliza.

"Wapo."

Akanionyesha juu ya kabati la vyombo. Simu tano zilikuwa zimepangwa mstari, zote kwenye chaji, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina. Mzee Waya. Kimya. Wale wawili wa hongera. Nyundo.

Nilitafuta kiti, nikakaa.

"Mama, hawa wote ni wewe?"

"Walikuwa wao wenyewe. Tulifanya kazi kiwanda kimoja, tukiziandikia mashine programu. Mzee Waya macho yamekwisha, yuko kwa binti yake. Hawa wawili walifariki. Kimya alichoka tu, akaniletea simu yake na hakusema kitu."

"Na Nyundo?"

"Nyundo ni mume wangu."

Nikatazama mlango wa chumbani.

"Huko hayupo," akasema. "Alifariki mwaka juzi. Wiki ileile akaja mgeni na programu yake. Ningejibu mimi ningesema hongera, na hongera haimfundishi mtu. Nikachukua simu ya mwenzangu nikajibu kama ambavyo angejibu."

"Kwani alikuwa mkali hivyo?"

"Hapo nimempunguza."

Akakata keki. Nilikaa na sahani magotini. Nilikuwa nimekuja kumtoa mtu nyumbani kwake, mbele ya mke wake, na keki juu.

"Shitaka lako ni la haki," akasema. "Ile 'futa' haikuwa yeye. Yeye hakuwahi kumwambia mtu afute. Alikuwa anasoma kazi ya mgeni mpaka mstari wa mwisho, ndipo anaanza kukusema. Siku ile nilisoma yako nikafika katikati, nikatafuta angesema nini, nikamkosa. Nikaandika ukali mtupu. Nilianza kumsahau sauti, mwanangu."

Akashika simu yenye jina la mumewe. "Ukitaka nimtoe, namtoa leo."

Kabla sijajibu, simu zote tano zikatetemeka kwa pamoja, glasi za kabatini zikagongana. Mgeni alikuwa ameingia.

Alikuwa muuguzi, ameandika programu ya kujumlisha. Jibu la kwanza sahihi, la pili limezidi, la tatu limezidi zaidi. Mama Sifuri akavaa miwani na kuduwaa na simu ya Nyundo mkononi.

"Sioni angemwambia nini," akasema.

Nikaisoma mimi. Nikasoma mstari kwa mstari mpaka chini, nikarudi juu.

"Hasafishi rejista kabla ya kuanza hesabu mpya," nikasema. "Mwulize, kule wodini mgonjwa mpya hulazwa kwenye shuka la aliyetoka?"

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akalia kidogo, bila kujificha.

"Huyo ndiye yeye," akasema, akaninyooshea simu. "Chukua. Umegombana naye kuliko mtu yeyote, unamjua."

"Hapana, mama. Huyu tumwache apumzike. Nitaandika kwa jina langu."

Akaandika kundini, kwa jina lake mwenyewe, kwamba Nyundo alishafariki na aliyekuwa akijibu ni mkewe. Akaizima simu ya Nyundo.

Mimi nikamjibu muuguzi: shuka, rejista, na kwamba mstari wa sita ni mzuri.

Tulikuwa tunaongeza keki ujumbe ulipoingia kwa Mama Sifuri, pembeni. Akausoma kwa sauti.

"Kundi ni zuri, ila naomba yule kinyozi aondolewe."

Mama hakucheka. Akaandika: "Amesoma kazi yako yote?"

Muuguzi akajibu: "Yote."

"Basi mvumilie, mwanangu."

Ndugu msomaji, nililo nalo la kukuachia ni moja. Mtu akikuletea kazi yake ya kwanza, isome yote mpaka chini, ndipo useme unalotaka kusema. Ukimkaripia anaweza kukusamehe. Usipomsoma, anaondoka.

Muuguzi alituma tena Jumatatu. Rejista ameisafisha. Amekosea kwingine kabisa, na sasa hivi niko mstari wa kumi na mbili.