Jina Langu Kifuani kwa Abbé

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii ya kupiga picha lilikuwa kuwaogopa wezi kuliko aibu. Mpaka leo nikilikumbuka nachoka tu, sicheki, ingawa ninyi mkitaka kucheka nimewaruhusu.

Kuna mtu alikata pembe ya picha yangu, pembe ile ile yenye jina langu, akaitangaza mtandaoni kama yake. Tangu siku hiyo nikahamisha jina katikati ya kila picha: PHOTO JANVIER, herufi nene nyeusi, na chini yake namba ya simu. (Kazi nilijifundisha peke yangu, hapakuwa na wa kuniambia kwamba nazidisha.)

Basi Mama Masika, mjane mwenye duka la vitenge hapa Hombo, akaniita nimpige picha mwanawe Kasereka, aliyepita nyumbani wiki chache kabla ya kupewa upadri. Picha ingechapishwa kwenye tisheti za familia, watu arobaini, siku Abbé, ndivyo tunavyomwita padri, atakapokuja kusoma misa yake ya kwanza kwao.

"Janvier, mutoto wangu," akaniambia, "miaka yote watu wananiona mimi na mizigo. Siku ile waone uso wake."

Nikamtumia Masika, binti yake mkubwa, picha ya kuangalia tu, jina langu limetanda kutoka kidevuni hadi tumboni, nikamwambia ile safi inakuja. Na ile safi ilikuwa tayari! Lakini nikaona kola ina kivuli kidogo, nikakitoa, kisha ngozi ikawa nyekundu, nikairudisha, siku ya tatu bado nahangaika na kola, na siku ya nne mtandao wa simu ukapotea Hombo nzima. Masika alikuwa ameshampelekea mchapaji wa Bukavu ile ya kuangalia, apimie ukubwa. Mchapaji akangoja, akachoka kungoja, akachapa aliyokuwa nayo.

Kifurushi kikafika Jumapili yenyewe asubuhi, kwa lori lililokuwa limelala kwenye matope, kikafunguliwa nyuma ya kanisa huku kwaya imeshaanza kupiga ngoma. Masika akatoa tisheti ya kwanza. Akatoa ya pili, kana kwamba ya pili ingekuwa tofauti.

"Janvier, hii njo nini?"

"Ile safi iko mu simu yangu," nikasema (sijawahi kutoa jibu la kijinga kuliko hilo).

Mjomba wao akaivaa hivyo hivyo, akajitazama kifuani. "Kumbe njo Janvier amekuwa padri! Kesho naenda kuungama kwake."

Watu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mwingine akatoa simu, akapiga namba ya kwenye tisheti, nayo ikalia mfukoni mwangu, pale pale mbele yao, na mimi kwa woga nikapokea.

"Allô?"

Mama Masika hakucheka. Alikuwa anasugua herufi kwa kidole gumba, polepole, kama doa ambalo lingetoka. Kisha akasema, "Muzigeuze zote. Ya ndani ikuje inje. Siwezi kuingia kwa Mungu na publicité, na matangazo ya kazi ya mutu."

Wakageuza. Watu arobaini wakaingia kanisani na tisheti nyeupe tupu, mishono nje, uso wa Abbé umelala juu ya ngozi zao mahali ambapo hakuna ambaye angeuona. Nami nikawapiga picha wote, maana ndiyo kazi niliyoitiwa, na kila nilipoinua kamera kuna mtu alininong'oneza, "Allô?"

Baada ya misa Mama alisimama kando ya mwanawe, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Piga. Lakini hii usiandike kitu."

Siku hizi mwenye picha anaipata safi siku ile ile, hata kola ikiwa na kivuli. Jina langu nalitia tu kwenye zile ninazoziweka mtandaoni mwenyewe, dogo, pembeni kabisa, na anayetaka kulikata alikate.